Kingo Zilizolowa Upande Mmoja

Nilipokuwa nauza vyombo vya plastiki sokoni Moshi, nilikuwa na ndoo za aina mbili ambazo zote zilibeba lita kumi. Moja ndefu na nyembamba, nyingine fupi na pana. Najua zilibeba sawa kwa sababu nilizipima kwa maji mara mbili, na mara ya pili nikabadilisha mkono wa kumiminia, mkono usije ukawa na upendeleo. Lakini wateja walikuja na macho yao. Mama ameshuka kutoka mlimani, ameuza ndizi zake, anasimama mbele ya kibanda changu, anazitazama zote mbili, halafu anashika ile ndefu.

"Nipe hii kubwa."

Mwanzoni nilikuwa nawaelimisha. Kuna mmoja nilimmiminia maji kutoka ndoo hii hadi ile mbele ya macho yake, yakaenea bila kubaki na bila kumwagika. Akatikisa kichwa kwa heshima kabisa. "Nimeona," akasema. "Sasa nipe ile kubwa." Kuanzia siku hiyo niliacha kufundisha nikapandisha bei ya ile ndefu. Si wizi. Mtu akitaka kununua urefu, anauziwa urefu.

Ilikuwa ile miaka bidhaa za nje zilipoachiwa ziingie. Kabla ya hapo ndoo ilikuwa ya bati, ikitoboka inapelekwa kwa fundi, ikitoboka tena inapandwa vitunguu. Ghafla mji ukajaa nyekundu, bluu na kijani cha kung'aa, na mimi niliyekuwa nauza nyanya kwa mafungu nikahamia kwenye plastiki, kwa sababu plastiki haiozi ukikosa wateja wiki nzima. Biashara hiyo ndiyo iliyonifanya niwaze sana habari za macho. Hata mlima wenyewe ulinifundisha. Kutoka uani kwangu Njoro, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kilele cha Kibo kimekaa juu ya paa la jirani, unaona kabisa ukipanda ngazi na fagio utakigusa. Saa nne kiko mbali. Saa sita hakipo. Nacho hakijaenda popote.

Basi nikajiona nimekwisha kuwa mtaalamu. Nilidhani mtu akishajua kwamba macho yanadanganya ni kama amechanjwa, hayawezi kumdanganya tena. Nilikaa na imani hiyo mpaka mdogo wangu alipotaka kuoa.

Msichana alikuwa wa Kibosho, Wakatoliki wa tangu babu. Sisi ni Walutheri wa Old Moshi tulioshuka mjini, na hilo lilikuwa limeshazungumzwa likaisha: mdogo wangu alikubali kufuata mafundisho ya padri. Baba yetu alikuwa amefariki, kwa hiyo msemaji wetu alikuwa baba mdogo, mtu mpole sana, ambaye akibishaniwa bei ya kiberiti anaomba msamaha. Mimi nilikuwa dada mkubwa. Kazi yangu ilikuwa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi.

Ukoo ule ulikuwa na desturi yao. Walikuwa na chombo cha mti kilichochongwa kwenye gogo moja, kirefu kuliko mtu aliyelala, kipana kiasi cha dhiraa moja, kimekaa chini kabisa ya goti. Mimi ningekiita hori, lakini baba mdogo alinionya nisithubutu kulitamka neno hilo, hori ni la ng'ombe. Wao walikiita chombo, basi. Siku ya mbege ya kukubaliwa, upande wa mvulana unakijaza chombo mpaka kingo zote zilowe. Zikilowa, binti anaitwa. Zisipolowa, mnarudi kwenu na ndoo zenu, na desturi inasema mwenye kurudishwa hakanyagi tena uwanja ule mpaka mwaka uishe.

Mwaka! Mdogo wangu alikuwa na miaka ishirini na tisa, na alikuwa amependa kwa namna ambayo mtu huanza kuchana nywele hata akienda kisimani. Wakati tunapika mbege alikuja jikoni mara nne kuuliza kama inatosha. Nikamwambia akiuliza mara ya tano nitampunguzia.

Sasa, inatosha kiasi gani? Hakuna aliyejua. Kumpima mkwe pombe kwa lita ni tusi. Unaonekana unamwekea mpaka. Tulipokwenda mara ya kwanza nilikiona chombo kimeegemezwa ukutani, nikakitazama mara mbili, mara moja nikiingia na mara moja nikitoka. Macho yakaniambia: ndoo kumi za lita ishirini. Lakini mimi si nimechanjwa? Nilijua vyombo vifupi huwa tunavidharau. Nikajiongezea ndoo mbili za adabu. Jumla kumi na mbili.

Tulipanda Jumamosi kwa pikapu ya kukodi, ndoo kumi na mbili zina vifuniko, mimi nimekaa nyuma nazo. Nilizihesabu tulipotoka Njoro na nilizihesabu tulipofika, maana barabara ile ina makorongo ya kutosha kumeza ndoo na mwenye ndoo.

Uwanja ulikuwa mpya. Pale palikuwa na mibuni, na baba wa binti alikuwa ameing'oa, kama wengi walivyofanya bei ya kahawa ilipokuwa haimlipi hata mchumaji. Mahali pa mibuni akasawazisha uwanja, akajenga nyumba ya tofali, akapiga chokaa, na chini ya ukuta akapaka mkanda wa rangi ya kijani kuzunguka nyumba nzima. Pembeni mimea ya masale imepandwa mstari mzuri. Nilipoingia nilisema moyoni: hawa watu wana mpangilio. Kila kitu kimenyooka.

Chombo kiliwekwa katikati. Wazee wao wakakaa upande wa juu, karibu na mlango, mgongo kwa mlima, kama heshima inavyotaka. Sisi wageni tukasimama upande wa chini. Mbele ya wazee wote, kwenye kigoda, alikaa shangazi wa binti.

Nilikuwa nimeshasikia habari zake. Shangazi huyo ndiye mwenye kauli ya mwisho, akisema hapana hata kaka yake anameza mate. Alikuwa mwembamba, amefunga kitambaa cheupe kichwani, na alikuwa amekunja uso tangu tulipoonekana njiani.

"Shikamoo shangazi," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa ndoo?"

"Ni mimi."

"Nasikia unauza ndoo ndogo kwa bei ya kubwa."

"Hapana shangazi. Nauza ndoo moja kwa bei mbili."

Baba mdogo alinifinya mkono. Shangazi hakucheka. Nikamweka moja kwa moja kwenye kundi la wale wateja wanaoanza kulalamika kabla hawajaulizia bei, ili ukifika kwenye bei uwe umechoka. Baadaye nilijua kwamba na yeye alikuwa ameshaniweka kwenye kundi langu: mfanyabiashara wa mjini, atatupunja, tazameni mikono yake. Kila mmoja alikuwa ameshamwona mwenzake kabla ya kumtazama.

Tukaanza kumimina. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mdogo wangu anabeba, mimi nahesabu. Ilikuwa mbege nzuri, nzito, ulezi unaelea juu kama ngozi. Ya nane, ya tisa. Kwenye ya kumi nikaanza kutabasamu. Kwenye ya kumi na mbili ilikuwa bado nusu ndoo nilipoona mbege imefika mdomoni mwa chombo, imelowesha ukingo, inaanza kushuka nje.

"Imejaa!" nikasema.

"Bado," akasema shangazi kutoka juu.

Nikatazama. Mbege ilikuwa inamwagika. "Shangazi, imejaa, inamwagika hii."

"Binti, mimi sijapofuka. Huku kwangu ukingo mkavu. Mimina."

Mdogo wangu alinitazama, nikampa ishara, akamimina ile nusu iliyobaki. Yote ikapita juu ya ukingo ikanishukia miguuni.

"Shangazi," nikasema, "viatu vyangu vimelewa kabla yangu."

Vijana wa upande wetu wakacheka. Upande wa juu hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya kutosha, "Wametuletea mbege ya kunawia." Shangazi akaingiza mkono wake ndani ya chombo, upande wake, akaonyesha: kutoka kwenye mbege hadi ukingoni paliingia kiganja kizima.

"Kiganja," akasema. "Mnamchukua mtoto wetu kwa chombo kilichopungua kiganja."

"Lakini huku—"

"Huku ndiko kunakotazamwa."

Baba mdogo, msemaji wetu, akaanza kukusanya vifuniko vya ndoo. Mdogo wangu alikuwa ameshika ndoo tupu ya mwisho kifuani kama mtu aliyeokoa kitu kwenye moto. Nilimwona anahesabu miezi.

Nakiri nilikasirika. Niliamini kabisa kwamba yule mama anavuta bei. Ningekuwa sokoni ningefunga turubai nikasema mama, nenda duka lingine. Nikakitazama chombo tena ili nipate neno la kumjibu, na ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwahi kukiona maishani. Nilikuwa nauza vyombo mwaka wa sita. Mbege ilikuwa imeinama. Ukiulinganisha uso wake na ule mkanda wa kijani ukutani, mkanda umenyooka, mbege imeinama. Kana kwamba imetupendelea sisi, imejisogeza kwetu na kuwakimbia wenye nyumba.

Mbege haina ujamaa na mtu. Nikautazama mkanda. Nikayatazama masale. Nikautazama mkanda tena, mara ya pili. Mkanda wa kijani ulifuata ardhi. Masale yalifuata ardhi. Ukuta ulijengwa kufuata ardhi. Vyote vilikuwa vinateremka pamoja, kwa ushirikiano mzuri sana, na kwa kuwa vyote vilikubaliana, jicho lilisema hapa ni sawa. Kitu pekee kilichokaa sawa kwenye uwanja mzima ndicho tulichokiona kimepinda.

"Uwanja umeinama," nikamnong'oneza baba mdogo.

"Nyamaza," akanong'ona. "Mwenye uwanja amesimama pale."

Ndiyo shida yenyewe. Baba wa binti alikuwa ametueleza mara tatu tangu tufike jinsi alivyosawazisha uwanja ule kwa jembe lake, siku tatu, bila fundi, kwa macho tu. Unaingia kuomba binti wa mtu kwa kumwambia kazi ya mikono yake imepinda? Na wao wamezaliwa kwenye mteremko. Chai wanakunywa kwenye mteremko, mpira wanacheza kwenye mteremko. Ukimwambia mtu wa pale kwamba uwanja wake si sawa atashangaa kama mimi ningeambiwa sakafu yangu ya Njoro inapanda mlima.

Nilikuwa nimeleta zawadi ya shangazi: beseni jekundu, jipya, lenye mduara wa maua meupe ndani. Nikalitoa kwenye karatasi.

"Shangazi," nikasema, "kabla hamjaturudisha, niruhusu ninawe mikono. Na hili ni lako hata kama tunarudi."

Jambo hilo hakuna mtu anayeweza kulikataa. Nikaliweka chini mbele ya miguu yake, nikaomba maji, nikamimina polepole mpaka yakafika kwenye maua. Kisha sikunawa. Nikakaa nimechutama, nikiyatazama maji kama mtu anayesoma.

Shangazi naye akatazama. Upande wa chini maua yalikuwa yamezama yote. Upande wa juu yalikuwa makavu.

"Umeleta beseni bovu," akasema.

"Inawezekana."

Akainama, akalishika beseni, akaligeuza nusu mzunguko: upande uliokuwa juu ukaja chini. Maji yakatikisika, yakatulia. Maua yaliyokuwa makavu yakazama, yaliyokuwa yamezama yakatoka. Akaligeuza tena. Mara ya pili! Hapo ndipo nilipompenda yule mama. Nilikuwa nimekaa saa nzima natazamana na mtu wa kabila langu hasa, kabila la wanaohakikisha mara mbili, nami nilikuwa nimemwita mgomvi.

Na uso ule uliokunjwa? Jua lilikuwa limemkabili tangu asubuhi.

Akasimama. Wazee wakatazamana, maana shangazi hashuki upande wa wageni. Akashuka. Alizunguka chombo, akaona ukingo uliolowa, akaona tope la mbege, akaona viatu vyangu.

"Kaka," akaita, "uwanja wako umelala."

"Haujalala," akasema baba wa binti. "Beseni ni la plastiki. Plastiki inajikunja."

"Maji pia ni ya plastiki?"

"Nimeusawazisha siku tatu."

"Ungeongeza ya nne."

Sasa walicheka wa juu na wa chini. Vijana wanne wakanyanyua ncha ya chini ya chombo, wakasukuma chini yake matofali mawili yaliyobaki kwenye ujenzi. Mbege ikarudi upande wa juu taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani, ikatulia. Mimi nilikuwa tayari nimeinua kidevu kwa ushindi.

Kisha sote tukatazama ndani, na kidevu kikashuka chenyewe. Chombo kilipokaa sawa, kingo zote zilikuwa kavu. Kuzunguka kote palipungua vidole vinne. Mimi nilikuwa naona kimejaa, shangazi anaona kimepungua kiganja, na ukweli umekaa katikati unatusubiri tumalize kelele. Na upungufu ulikuwa wangu, mtaalamu wa ndoo, niliyekiangalia chombo kifupi mara mbili na kukidharau mara mbili, hata baada ya kujiongezea zile za adabu.

Mdogo wangu aliweka ndoo chini.

"Vidole vinne," akasema shangazi.

"Vya nani, shangazi?" nikauliza, maana kinywa changu kimezoea na hakiulizi ruhusa. "Vyako ni vyembamba. Kwa vya kaka yako ni vitatu."

"Mwiteni kaka apime."

"Mimi sipimi kitu leo," akasema baba wa binti, ambaye alikuwa bado anautazama uwanja wake.

Shangazi akatazama chini, palipomwagika. "Na hii iliyoingia ardhini ni kiasi gani?"

Nilifungua mdomo nimwambie nusu ndoo. Pengo lilikuwa ndoo mbili na zaidi. Nilipiga hesabu kichwani, nikaipiga tena, na mara zote mbili nikaona ni heri ninyamaze.

"Hapa," akaendelea shangazi, akawageukia wazee wenzake, "palikuwa na mibuni ya babu yetu. Alikaa hapa jioni zote na kata yake. Tumeng'oa mibuni, hatukumwambia kitu, hatukumpa hata tone. Leo amepewa. Amekunywa kwanza, kabla yetu sote." Akanitazama. "Na babu alikuwa mnywaji."

"Sana," akasema yule mzee wa mbege ya kunawia. "Ndoo mbili hakosi."

"Padri akisikia?" akauliza baba wa binti.

"Padri ana uwanja wake," akasema shangazi. Akachukua kata, akaichovya, na badala ya kunywa akaimimina kidogo kidogo juu ya ukingo, akizunguka chombo kizima, juu, chini, na pembeni zote mbili, mpaka mti wote ukawa mweusi kwa unyevu. Kisha akaweka kiganja juu yake akawaonyesha wazee. Kililowa.

"Kingo zimelowa," akasema. "Mwiteni."

Mdogo wangu alikaa chini. Palepale kwenye tope la mbege. Baba mdogo, ambaye hakuwa amesema neno kwa sauti tangu tumefika, alisema "Aika", asante ya kwetu, mara sita mfululizo, akawa msemaji kweli.

Binti alitoka ndani amejifunga khanga mpya. Shangazi akajaza kata mpaka juu akampa, akamuuliza kama anawajua watu hawa, naye akajibu anawajua. Akamuuliza kama mbege hii inyweke au imwagwe. Akajibu inyweke. Akaonja kidogo, kisha akaanza kushuka kuelekea upande wetu, kata imejaa mikononi, macho hayako kwenye kata wala kwenye ardhi, yako kwa mdogo wangu. Sisi watu wa mjini tulikuwa tumeyumba kwenye uwanja ule asubuhi nzima bila kujua kwa nini. Yeye alitembea kana kwamba hakuna mteremko duniani, na hakumwaga hata tone. Zilikuwa hatua kumi na moja. Mdogo wangu akainywa yote. Alipopanda kurudi na kata tupu nilizihesabu tena, zikawa kumi na mbili, na hiyo ni mara pekee katika maisha yangu niliyoziacha hesabu mbili zisizolingana, kwa sababu mdogo wangu alikuwa analia na nilitakiwa kumshikia kofia.